Ajasta ya Kushoto

Ilitangazwa, na tangazo likabandikwa kwenye lango la soko la Kibondo, chini ya tangazo la chanjo ya kuku na juu ya tangazo la mbuzi aliyepotea, kwamba juma lote hilo litakuwa Wiki ya Breki. Kwamba kila gari, bila kujali umri wake wala cheo cha mwenyewe, litafikishwa mbele ya mkaguzi kabla ya Ijumaa. Kwamba breki zinazotambulika ni zile tu zinazoshika magurudumu yote manne kwa usawa. Na kwamba jiwe, gogo, tofali au kabari ya aina yoyote havihesabiwi kuwa breki. Gari litakalokutwa limezuiwa kwa jiwe, tangazo likamalizia, litahesabiwa kuwa halina breki kabisa, na mwenyewe atajieleza.

Dorcas Harerimana alilisoma mara mbili. Yeye hufanya karibu kila jambo mara mbili. Neno lililomshika ni "usawa". Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeona serikali ikihema kupanda kilima ambacho yeye yuko juu yake miaka ishirini na sita.

Miaka hiyo ishirini na sita iliyopita Dorcas alijifungua mapacha, wasichana. Wa kwanza akaitwa Bukuru na wa pili Butoyi, wala hakuna aliyeumiza kichwa, kwa kuwa huku Buha, nchi ya Waha, pacha huja na majina yao tayari. Pamoja na majina huja sheria: ukimpa mmoja, mpe na mwenzake, kitu kile kile, siku ile ile, kiasi kile kile. Inasemekana atakayewabagua mapacha, au hata kuzisema vibaya mali zao, mwili utamtoka vipele. Jambo hili halijawahi kuthibitishwa, kwa sababu hajapatikana mtu wa kujaribu.

Dorcas aliishika sheria kuliko wote walioitunga. Bukuru alipong'olewa jino, Butoyi alipelekwa naye akatazamwa meno, yakakutwa mazima, akarudi nyumbani amenuna. Butoyi alipochapwa, na Bukuru alichapwa. Na kwa kuwa mtundu alikuwa Butoyi peke yake, Bukuru alikua akiwa na mashaka makubwa kuhusu haki duniani, akasomea ualimu. Hata jina la mama liligawanywa. Mtu akimwita "Mama Bukuru", Dorcas hageuki. Husimama, akiangalia mbele, mpaka amalizie: "na Butoyi."

Mumewe, Nizigiyimana, alifariki wasichana wakiwa darasa la kwanza. Alikuwa mtu mpole, mwana wa watu waliovuka mpaka na mkeka mmoja, na ndiye aliyemchukua Dorcas kutoka kwao Nyakitonto kwenda kanisani siku ya harusi, juu ya keria ya baiskeli. Baiskeli ile ilikuwa na kengele mbili na haikuwa na breki hata moja. Kwenye mteremko bwana harusi aliteremsha mguu, akaburuza kandambili mpaka soli ikatoboka, na waliingia kanisani yeye akiwa amevaa ndara moja na uzi wa ya pili. Watu wa kanisa lile hawajaacha kusimulia. Siku hiyo hiyo Dorcas aliapa kwamba akizaa binti, atamfikisha kanisani kwa gari, gari lake, si la kuazima, na gari hilo litasimama pale linapoambiwa kusimama.

Gari lilichukua muda. Aliuza maharage Kibondo, akauza maharage Kasulu, akabeba magunia yaliyozidi uzito wake, na mwisho daktari mmoja aliyehamishwa akamwachia Korola nyeupe, ya zamani, iliyokuwa ikianza kushika kutu milangoni. Kwa kuwa mtoto afuataye mapacha huitwa Misago, gari likaitwa Misago. Dorcas humzungumzia Misago kama mtu. Misago amechoka. Misago hapendi mvua. Na mwezi huu, Misago alikuwa akilia kwa nyuma kila akikanyagwa breki, sauti nyembamba ya kudai, kama mtoto anayejua wageni wamefika.

Sasa Bukuru alikuwa anaolewa. Jumamosi, Kasulu, na Pacifique, mwana wa mzee Melkiadi, mnunuzi wa kahawa wa Munanila. Melkiadi alikuwa na gari refu jeusi lenye viti vya ngozi, na alikuwa amekwisha kupiga simu mara tatu.

"Mkwe, msihangaike," alikuwa akisema. "Nitaleta gari. Lina kiyoyozi. Bibi harusi asije na vumbi."

"Asante, mkwe. Bibi harusi ana gari."

"Ile nyeupe?"

"Nyeupe ndiyo rangi ya harusi, mkwe."

Kwa hiyo jambo lilikuwa hivi: Misago asipopata stika ya ukaguzi kabla ya Ijumaa, hatembei, asipotembea, Bukuru atafika kanisani ndani ya kiyoyozi cha Melkiadi, na kiapo cha Dorcas kitakuwa kimedumu miaka yote ile kwa ajili ya kuvunjwa na bonde na milima kati ya Kibondo na Kasulu.

Fundi wake, Reverien, alifungua gurudumu la nyuma la kulia Jumatatu, siku ile ile ya tangazo, mchana. Reverien alikuwa na utaratibu wake, nao ulikuwa mzuri: hafungui pande mbili kwa wakati mmoja. Hufungua mmoja, wa pili huuacha umefungwa.

"Huu ndio kitabu changu," alimweleza Dorcas, akipiga kofi tairi la kushoto. "Nikisahau springi ipi inakaa wapi, nakuja kusoma huku. Waliofungua kote kote wako wengi, na magari yao yako hapo nyuma, yanaota majani."

Aliivuta ngoma ya breki, ikatoka na vumbi jeusi la kijiko kizima. Ndani, shuu mbili za breki, vile vipande vinavyoibana ngoma, zilikuwa zimeliwa mpaka chuma. Silinda ilikuwa inatoa machozi. Na katikati, kikiunganisha shuu hizi mbili, kulikuwa na kijiti cha chuma chenye gurudumu dogo la meno, kama nyota.

"Hii ni ajasta," alisema Reverien. "Shuu zikiisha kidogo, yenyewe inajizungusha, inarefuka, inazisukuma shuu zisogelee ngoma. Bila hii utakanyaga breki mpaka mguu utokee chini. Imekufa. Zote zibadilishwe, Mama Bukuru na Butoyi, pande zote mbili."

"Kwa usawa," alisema Dorcas.

"Ego. Kwa usawa."

Akamfungia vyuma vya upande wa kulia kwenye gazeti, sampuli, na Jumanne asubuhi Dorcas akashuka Kasulu navyo mapajani.

Duka la spea la Mwanahawa lilikuwa jembamba na refu kama ushahidi wa uongo. Mwanahawa alizaliwa Ujiji, akaolewa Kasulu na Khamisi, fundi wa magari mwenye pikipiki, na tangu hapo yeye huuza vyuma na mumewe huvifunga. Anazungumza taratibu, na ana macho ya mtu aliyekwisha kusikia kila sababu ya gari kutowaka.

Alilifungua gazeti la Reverien, akazipima shuu kwa rula, upana na urefu, akapanga nyingine za aina nne kwenye kaunta.

"Hizi za kwanza mtumba. Zimetoka kwenye gari lililokufa Japani. Nzuri, lakini hujui zimekufa na nini. Hizi za pili ni za zamani zilizobandikwa lainingi mpya kwa ribiti, hivi vimisumari. Ribiti zikifikiwa zitachora ngoma yako kama mtu anayeandika barua. Hizi za boksi jekundu mpya, rahisi, ngumu. Zinadumu sana."

"Zinadumu?"

"Zinadumu kwa sababu hazishiki. Kisichofanya kazi kinazeeka lini? Na hizi za boksi la bluu ndizo ningempa mama yangu. Zinakwisha mapema kuliko hizo ngumu, lakini ukikanyaga, gari linaelewa."

Dorcas hakuamini maneno ya muuzaji, kwa kuwa yeye mwenyewe ni muuzaji. Maharage huyajua kwa njia moja: unachukua punje, unaing'ata. Ikiacha alama ya jino haijakauka, ikikataa imekauka, ikipasuka ni ya mwaka juzi. Aliichukua shuu ya boksi jekundu, akaipeleka mdomoni, akaing'ata ukingoni.

Mwanahawa alimtazama bila kubadilisha uso.

"Hiyo haiivi, mama yangu. Hata ukiiloweka."

"Ngumu mno," alisema Dorcas, akaing'ata ya bluu. Akatafakari. "Hii imekauka vizuri. Nipe hii."

Na ukweli usemwe, alichagua vizuri. Kama angeishia hapo, hadithi hii ingekuwa fupi na isingekuwa na maana.

"Sampuli hii fundi kaitoa mguu gani?" aliuliza Mwanahawa, akishika ile ajasta kuukuu.

"Wa nyuma."

"Wa nyuma nauona. Kulia au kushoto?"

"Kulia."

"Basi ya kulia hii hapa. Na ya kushoto hii."

Aliziweka mbili mezani, mpya, zinang'aa. Dorcas alizichukua, akaizungusha nyota ya ile ya kulia, kijiti kikarefuka. Akaizungusha ya kushoto vile vile, kijiti kikafupika. Akairudisha mezani kwa vidole viwili.

"Hii imezaliwa vibaya."

"Imezaliwa kushoto."

"Nipe mbili zinazofanana."

"Hizo ndizo mbili, mama. Skrubu ya kulia na ya kushoto zinakwenda kinyume, kila moja na upande wake. Ukipeleka ya kulia kushoto, gari likitaka kujirekebisha, badala ya kurefuka itafupika. Kila likijitengeneza, linajiharibu. Hizi ndizo pacha zenyewe."

Hapo Mwanahawa alikuwa ametamka neno ambalo hakupaswa kulitamka.

"Wewe umezaa pacha?" aliuliza Dorcas.

"Nimezaa saba. Mmoja mmoja."

"Basi tulia nikueleze. Pacha ni kitu kimoja mara mbili. Nimewalea miaka ishirini na sita. Sijawahi kumpa mmoja kinachozunguka huku na mwingine kinachozunguka kule. Hiyo uliyobaki nayo unataka kunibandika mimi wa Kibondo. Nipe mbili za kulia."

Watu wa Ujiji wanajua kubishana. Wanajua vile vile lini kubishana ni kupoteza mate. Mwanahawa alivunja boksi la pili, akatoa ajasta ya kulia, akamfungia. Alibaki na ajasta mbili za kushoto, ambazo hakuna gari duniani lingezihitaji kwa pamoja.

Reverien, Jumatano, alifungua gazeti na kuziona. Alizipanga kwenye gunia. Alizitazama kwa muda ambao kwa fundi ni mrefu.

"Zinafanana sana," alisema hatimaye.

"Ndiyo maana nimezinunua."

Reverien alifungua mdomo. Kisha akakumbuka mambo mawili: kwamba mama wa mapacha alikuwa amesimama mbele yake ameshika kiuno, na kwamba Jumapili yeye alikuwa mzee wa zamu kanisani, atasimama mbele ya watu akiwa na shati la mikono mifupi. Alijiona ana vipele. Akafunga mdomo. Alizifunga ajasta zote mbili za kulia, moja kulia na moja kushoto, akaziweka sawa kwa mkono na bisibisi, akatoa upepo kwenye mafuta ya breki, akarudisha matairi, akanawa.

"Kwa leo ziko sawa," alisema. Neno "leo" alilisema kwa sauti ndogo.

Na kweli zilikuwa sawa. Alhamisi, mkaguzi alikanyaga pedeli mara tatu, akatazama gurudumu la kulia, akatazama la kushoto, akasema zinafanana, akabandika stika kwenye kioo. Dorcas akapiga picha mbili na Misago, moja akiwa upande huu wa gari na nyingine upande ule.

Ijumaa saa tatu asubuhi walianza safari: Dorcas kwenye usukani, Bukuru kando yake, Butoyi nyuma na masanduku. Ndani ya masanduku mlikuwa na magauni ya harusi. Mawili. Butoyi hakuwa anaolewa wala hakuwa na mchumba. Ana cherehani mjini Kibondo, na mpango wake pekee kwa mwaka huo ulikuwa kununua cherehani ya pili. Lakini Bukuru alikuwa amenunuliwa gauni jeupe, na sheria ni sheria. Butoyi naye alikuwa amepimwa, amekatiwa, amefungiwa kwenye nailoni. Alikuwa amesema "Mama" mara nyingi kwa sauti mbalimbali, na kila mara alijibiwa, "Nimekupa sawa na mwenzako, unataka nini tena?"

Mpaka Malagarasi Misago alikwenda vizuri. Baada ya daraja, kwenye mteremko wa pili, Dorcas alikanyaga breki na Misago akatazama kulia kidogo, kama mtu aliyeitwa. Alimrudisha. Mteremko uliofuata alitazama kulia zaidi, na pedeli ikashuka chini kuliko kawaida. Dorcas akavuta handibreki kumsaidia. Mteremko wa nne alivuta tena. Hakujua kwamba kila akivuta, ile nyota ya kushoto ilikuwa inazunguka jino moja, inajirekebisha kwa uaminifu wote, na kijiti kinafupika.

"Mama, tunakwenda kwenye migomba," alisema Bukuru.

"Naiona."

"Mama, migomba inakuja."

Waliingia Makere polepole, kwa gia ya kwanza, bega la kulia la Misago likiwa mbele, wakasimama kwa sababu kulikuwa na lundo la mihogo ya kuanika na Misago alilipenda. Hakuna aliyeumia isipokuwa mihogo.

Mwenye mihogo alikuwa Marguerite, Mkongomani aliyekuwa ameolewa hapo Makere miaka mingi, na ambaye Kiswahili chake kilikuwa hakijahama naye.

"Mama weee! Mafrein yako imekufa?"

"Breki haijakufa. Ni mpya."

"Mpya, inakamata muhogo yangu?" Akachungulia ndani. "Ule njo bibi ya harusi? Mama, huyu mutoto iko analia."

Bukuru alikuwa analia, taratibu, kwa adabu ya mwalimu. Simu ikaita. Melkiadi.

"Mkwe! Mmefika wapi? Kuna mtu kaniambia kaona gari jeupe limeketi juu ya mihogo."

"Tumepumzika, mkwe."

"Naleta gari sasa hivi. Saa moja tu niko hapo. Lina kiyoyozi."

Dorcas alikata bila kuaga, jambo ambalo kwa mkwe halifanyiki, akampigia Reverien.

"Reverien. Misago anakwenda kulia peke yake na mguu wangu unagusa chini. Umefanya nini?"

Ikasikika sauti ya mtu anayekuna mkono.

"Mama Bukuru," alisema Reverien, na kwa mara ya kwanza hakumalizia, "ajasta zote mbili ni za kulia. Ya kushoto inafupika badala ya kurefuka."

"Uliliona hilo Jumatano?"

"Nililiona."

"Na hukusema?"

"Ni vitu vya mapacha, mama. Nina ngozi nyepesi."

Dorcas alishusha simu. Alikaa kwenye jiwe kando ya barabara. Marguerite, ambaye mihogo yake ilikuwa imeshakuwa unga kabla ya wakati, alimletea kiti, kwa kuwa mama wa bibi harusi hakai kwenye jiwe hata kama amekusagia mihogo. Butoyi akaja akachuchumaa mbele yake.

"Mama. Unaukumbuka mkasi?"

"Mkasi gani?"

"Tulipoanza kujifunza ushonaji. Ulitununulia mikasi miwili, sawasawa. Mimi nakata kwa kushoto."

Dorcas aliukumbuka. Miaka miwili Butoyi alikata vitambaa vikaenda upande. Watoto wa shule tatu walivaa suruali zenye mguu mmoja mfupi, na mzazi mmoja alikuja kuuliza kama mwanawe amepimwa akiwa amesimama kwenye shimo. Dorcas alimgombeza kwa uzembe, na kwa ajili ya usawa akamgombeza na Bukuru. Kisha mwalimu wa ushonaji akampa Butoyi mkasi wa mkono wa kushoto, na suruali zikanyooka.

"Mkasi na breki wapi na wapi," alisema Dorcas.

"Sijasema kitu, Mama. Nimekuuliza kama unaukumbuka."

Dorcas alitazama barabara kuelekea Kasulu, ambako gari lenye kiyoyozi huenda lilikuwa limeshawashwa. Alimtazama Bukuru, aliyekuwa akifuta machozi kwa mkono wa kulia. Alimtazama Butoyi, aliyekuwa akichora kitu mavumbini kwa wa kushoto. Inawezekana alikuwa hajawahi kuwatazama hivyo, mikono kwanza. Akapiga simu ya tatu.

"Mwanahawa. Ni mimi, wa maharage."

"Mama mapacha. Nimekungoja tangu juzi."

"Ile ajasta..."

"Imefungwa kwenye karatasi. Iko chini ya kaunta, nimeiandika jina lako. Nilijua gari lako litaivumilia siku moja au mbili. Uko wapi?"

"Makere. Kwenye mihogo ya mtu."

"Khamisi anakuja na pikipiki. Na mama yangu..."

"Ehe?"

"Nilibaki nazo mbili. Nikuletee zote mbili, kwa usawa?"

Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, Dorcas alicheka, na alicheka mara moja tu. "Nipe ya kushoto moja. Ya kulia ninayo."

Khamisi alifika kabla ya kiyoyozi, ajasta ikiwa mfukoni mwa shati kama kalamu. Aliinua gari kwa jeki, akatoa tairi na ngoma ya kushoto, akaichomoa ile ajasta ya kulia iliyokuwa imejifupisha hadi mwisho kwa juhudi zake zote, akaitazama kwa huruma.

"Imefanya kazi kweli hii," alisema. "Bidii yote hii, upande usio wake."

Akaweka ya kushoto. Butoyi, kwa kuwa alikuwa upande huo na mkono wake ulifika vizuri, ndiye aliyeshikilia springi. Melkiadi alipotokea kwenye kona na gari lake refu, Misago alikuwa chini kwenye magurudumu manne, na Dorcas anampimia Marguerite debe la maharage kutoka kwenye buti kufidia mihogo.

"Mkwe," alisema Melkiadi, akishusha kioo, baridi ikamtoka pande zote. "Nimekuja kumchukua bibi harusi."

"Umefanya vizuri, mkwe. Utatutangulia, usafishe njia. Lakini usiende mbio. Mimi nina breki sasa, nitakuwa nyuma yako kila kona."

Wakafika Kasulu jua lingali juu, kwa mstari mnyoofu.

Jumamosi asubuhi Dorcas alitoka nje kumwosha Misago, akamkuta ameshapambwa. Kutoka kwenye taa za mbele mpaka mlango wa nyuma alikuwa amefungwa riboni nyeupe, pana, zilizokatwa kwa kunyooka kabisa, na juu ya boneti palikuwa na ua kubwa la kitambaa chenye shanga. Dorcas alizijua shanga. Alikuwa amezihesabu dukani, mara mbili, kuhakikisha kila gauni lina idadi sawa.

Butoyi alikuwa amesimama pembeni na mkasi wake, amevaa kitenge chake kizuri, akingoja.

Dorcas alizunguka gari. Alivuta riboni moja, akaona imefungwa imara.

"Na mimi nimepewa changu," alisema Butoyi kwa haraka. "Ila nimemgawia Misago. Hakuwa na gauni."

"Upande wa kushoto umefunga vizuri kuliko wa kulia," alisema Dorcas.

"Ndiyo, Mama."

"Basi. Ingia garini."

Kanisa la Kasulu walilokwenda liko juu ya kilima kidogo, na chini yake, siku hiyo, timu ya Wiki ya Breki ilikuwa imeweka kizuizi, kwa kuwa baada ya Kibondo ilihamia huku. Melkiadi, aliyekuwa ametangulia na viti vyake vya ngozi, alikuwa amesimamishwa pembeni: alikuwa amesahau kabisa kwamba na yeye anahitaji stika. Alikuwa anaeleza kuhusu kiyoyozi.

Dorcas alikanyaga breki. Misago akasimama pale pale alipoambiwa, mnyoofu, bila kulia, bila kutazama kulia. Bukuru ndani ya shela yake alishikilia kiti kwa mazoea, kisha akaachia.

Mkaguzi alikuwa yule yule wa Alhamisi. Aliisoma stika aliyoibandika yeye mwenyewe, akatazama riboni, akamtazama bibi harusi, akanyoosha mkono kuwapisha kwa heshima zote.

"Pita, Mama Bukuru."

Dorcas hakusogea. Aliangalia mbele, mikono kwenye usukani.

"Na Butoyi," alisema Butoyi kutoka kiti cha nyuma.

"Na Butoyi," alisema mkaguzi.

Wakapita. Mkaguzi akarudi kuketi kivulini mwa gari lake la ukaguzi, lililoegeshwa kwenye mteremko ule ule tangu asubuhi, gurudumu la nyuma la kushoto likiwa limewekewa jiwe, lililopakwa rangi nyeupe na kuandikwa namba ya mali ya serikali.